Mzee Aliyefuata Kamba ya Paka

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Hii sijahadithiwa, na pombe sinywi. Ilinitokea mimi mwenyewe Kalemela, mvua za mwaka jana, ndani ya gari yangu.

Gari yenyewe ni Hiace chakavu. Naishi humo. Godoro nyuma, jiko dogo la gesi, betri ya sola, na meza ya kutengenezea simu na redio, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kuharibu za watu. Leo niko mnada wa Bariadi, kesho Sola, keshokutwa Lamadi. Niliinunua kwa mama mmoja wa Lamadi aliyefiwa na mume. Marehemu alikuwa anabebea dagaa, na kwa ile harufu kulikuwa na paka wa kijivu humo ndani, hatoki. Yule mama akaniambia, "Mchukue na huyo, baba. Nikimtoa anarudi."

Nikamwita Bosi. Mnadani wananitania eti nimeoa paka. Kuna mmoja alimpiga teke Bosi, nikamng'oa jino. Sijutii.

Sasa siku hiyo mvua ikanikuta Kalemela jioni. Mvua ya mawe. Upepo unaitikisa gari, bati linapigwa mpaka husikii unachowaza. Nimeegesha peke yangu kwenye uwanja wa kupimia pamba, mlango nimeufunga kwa ndani na msumari maana kitasa kilikufa zamani.

Mlango ukafunguka. Taratibu, kama vile anayefungua anarudi kwake. Akaingia mzee, koti refu, akakaa kwenye ukingo wa godoro.

Ujue springi za ile gari zimechoka. Hata mtoto akipanda, inalala upande. Yule mzee alikaa na gari haikusogea. Hapo nikajua. Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Uende wapi na mawe yale?

"Mwadila," akanisalimia Kisukuma.

Sikuitika. "We mzee, umefunguaje mlango wangu?"

"Wako?" Akacheka kidogo. Halafu akaita, "Limi."

Na Bosi, ambaye hata umwite na samaki mkononi haji, akanyanyuka akaenda kukaa mapajani kwake. Damu ikanichemka. Sikuogopa, niamini, woga ulikuja baadaye. Nikashika bisibisi.

"Mzee, nakuheshimu, lakini huyo paka hatoki humu. Chukua redio, chukua betri, chukua na gari ukitaka. Huyo ni ndugu yangu."

"Nyanda, kijana wewe, una mdomo," akasema, bila hasira, kama mtu aliyechoka tu. "Paka mke wangu amekupa, sawa. Gari amekuuzia, sawa. Kwani kamba nayo alikuuzia?"

Kamba! Bosi alikuja na kipande cha kamba ya katani shingoni, sikuwahi kukifungua. Nilidhani urembo. Na mimi nimekulia zizini! Kwetu nyumbani ng'ombe akiuzwa, kamba inabaki kwa mwenyewe, ili baraka ya zizi isiondoke naye, wengine wakafa. Nani angefikiria na paka?

"Mbuzi wangu wanakwisha," akasema mzee. "Nifungulie. Fundo siliwezi."

Nikajua ni ujanja, kamba ikitoka anaondoka na paka. Nikamkaba Bosi kwa mkono mmoja mpaka akanikwaruza, fundo nikalifungua kwa mkono mwingine na meno. Mzee akapokea. Vidole vyake vikagusa viwili vya kwangu.

"Asante, baba." Akashuka kwenye mvua. Kugeuka, mlango umefungwa, msumari upo mahali pake. Bosi alilia pale mlangoni mpaka mawingu yakaisha.

Asubuhi nikaendesha mpaka Lamadi. Ile kamba ilikuwa inaning'inia kwenye banda la mbuzi la yule mama, imelowa. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye:

"Sasa baba, unakuja na mvua yote ile unaacha kamba unaondoka, hata hodi hupigi?"

Nikamuuliza habari za mbuzi. Akasema wamekufa mmoja mmoja tangu aniuzie gari, wamebaki wachache. Wale wachache wapo mpaka leo, na wamezaa. Yule mzee sikumtaja. Ningeanzia wapi?

Bosi bado ninaye. Nikimwita hilo jina haitiki, na lile jingine nalijua ila silitumii, maana sijui nani mwingine ataitika. Vidole vyangu viwili havisikii chochote. Nikiunga waya vinaungua, harufu ndiyo inanishtua, maumivu hayaji kabisa. Hospitali wanasema mishipa. Haya, mishipa.

Kwa hiyo wewe unayenunua vitu vya marehemu, usikague injini tu. Kila kilichofungwa humo kifungue, urudishe mchana kweupe, umpe aliye hai. Usimsubiri mwenyewe aje kupokea.