Migomba ya Mwaka Kogwa Ilivyomponza Bi Mashavu

Maji ya bahari yametoka mapema asubuhi hii, na Mashavu amekwishajifunga kibwebwe. Amechuchumaa kwenye mchanga wa tope, anafunga mbegu za mwani kwa taitai, vile vikamba vidogo vya plastiki, kwenye kamba ndefu iliyolazwa baina ya vijiti viwili. Simu ameizungushia nailoni na kuichomeka ndani ya kilemba. Siku hizi hathubutu kuiacha nyumbani.

"Mikono ya mwani na simu havipatani," anasema, akijifuta vidole kwenye kanga. "Lakini hii ndiyo iliyotusemea. Na hii hii ndiyo iliyotutia matatani."

Mashavu, mwenye miaka hamsini na miwili, ni mkulima wa mwani katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja, si mbali na Makunduchi. Mwaka jana mwenye hoteli mmoja alijenga ukuta, ukaziba njia ya pwani ambayo wanawake wa hapo wameipita tangu enzi za bibi zao. Sasa hulazimika kuzunguka karibu saa nzima na gunia la mwani mbichi kichwani. Shingo yake haitaki tena mchezo huo.

Zamani malalamiko kama haya yangesubiri gari ya waandishi kutoka mjini. Gari ikifika, wakubwa ndio husema, na wanawake huonekana kwa nyuma wakipunga mikono. Safari hii hawakusubiri mtu. Walisimama mbele ya ukuta na magunia yao, jirani yake Nassra akashika simu. Hapakuwa na kelele. Kila mwanamke alitaja jina lake na la babake, kisha akasema, "Naomba kupita."

Kufikia usiku video ile ilikuwa imezagaa. Haikupita wiki, maofisa wa serikali wakaahidi kuja kuutazama ukuta kwa macho yao.

Hapo ndipo mtu asiyejulikana alipoichukua video yao na kuiunganisha na nyingine: wanaume waliovaa makoti mazito na kofia za pikipiki wakitwangana kwa migomba katikati ya vumbi. Juu yake akaandika kwamba wanakijiji wamewavamia walinzi wa hoteli.

Mtu yeyote wa kusini angeijua picha ile mara moja. Ni Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, ambapo wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba ili kumaliza vinyongo vya mwaka uliopita, kisha huenda kula pamoja. Basi ofisa mmoja alipompigia Mashavu simu na kumuuliza kama wale ni watu wa kijijini kwao, Mashavu, aliyeitazama picha bila kuyasoma maandishi, hakusita hata kidogo.

"Nkamwambia naam, ni wa kwetu hasa. Na yule mwenye koti la kijani ni mume wangu," anasimulia, na aibu bado iko usoni. "Mimi nlidhani ananisifia."

Ziara ikafutwa. Aliambiwa kwamba maofisa hawawezi kukaa na watu wa fujo.

"Nlikaa uani nkalia," anasema. "Njia nshaiona, halafu nkaifunga kwa mdomo wangu mwenyewe."

Lakini video ya uongo ilitazamwa kuliko ile ya kweli, na pongezi zikamiminika. Khatib, mtoto wa dada yake anayefanya kazi Dar es Salaam, alimpigia kumsihi asiikanushe.

"Mama mdogo, iache iende. Watu wamekasirika kwa ajili yenu. Ukisema ni sherehe tu, kesho hakuna atakayewakumbuka."

Mashavu anakiri kwamba alishawishika. Si jambo dogo kusikilizwa na nchi nzima baada ya kupuuzwa na jirani mwenye ukuta.

"Nkamjibu, Khatib, leo nkinyamaza kwa kuwa uongo huu wanifaa, siku nkipigwa kweli nani ataniamini?"

Akamtafuta Rumana, mwandishi wa kituo cha habari cha mtandaoni huko Mji Mkongwe. Huyu ndiye mwandishi pekee aliyekuwa amempigia kuuliza kabla ya kuisambaza video.

"Zamani kazi yetu ilikuwa kuwahi tukio," anasema Rumana. "Sasa tukio lishafika kabla yetu, mara nyengine hata halikutokea. Kazi iliyobaki ni kuuliza."

Kumshawishi Mkubwa, mume wa Mashavu, arekodiwe akisema ukweli ndiko kulikokuwa na kazi. Hakutaka dunia nzima ijue kwamba aliyekuwa akichapwa pale ni yeye. Mashavu akalitoa koti la kijani kabatini, akamvisha mwenyewe.

"Anayenipiga ni shemegi yangu Ahmada," Mkubwa aliiambia simu, macho chini. "Jioni yake tulikula pilau sinia moja. Hatujampiga mlinzi yeyote."

Video hiyo haikuvuma kama ile ya uongo, na baadhi ya waliowapongeza wakawageuka na kuwaita waoga. Lakini maofisa waliiona, na juzi walikubali kuja. Siku ameichagua Mashavu: ya bamvua, maji yatakapotoka mbali, ili wazunguke ukuta pamoja na wanawake na magunia yao. Nassra atarekodi mwanzo hadi mwisho, bila kukata.

Ukuta bado umesimama. Maji yanaanza kurudi, na Mashavu anajitwisha gunia, tayari kwa mzunguko wa leo.

"Wamenihurumia watu wengi mtandaoni, Mungu awalipe," anasema. "Lakini huruma haipitiki na gunia kichwani. Mimi nnataka njia."