Dirisha la Tatu Bado Linaandikisha

Saa mbili asubuhi, foleni ya mapokezi imefika mlangoni. Fundi wa kompyuta wa hospitali amesimama kati ya madirisha mawili kama refa.

"Wewe bonyeza, dada. Wewe mikono juu."

Karani wa dirisha la kwanza anahifadhi jina la mgonjwa. Namba inatoka, 6204. Kisha jina linafutika mbele ya macho yao, herufi zote kwa mpigo. Namba inabaki peke yake.

"Nani kabonyeza?"

"Mikono yangu hii hapa, kaka," anasema karani wa pili. "Labda ukague na miguu."

Ugonjwa wenyewe fundi anaujua. Mashine mbili zikiomba namba sekunde moja, zote hupewa ileile. Anayehifadhi mwisho humfuta wa kwanza. Mwaka huu wagonjwa kumi na tisa wamefutwa hivyo.

Wakubwa, ambao hawajawahi kupanga foleni hata ya maji, wameshapata wa kumbebesha lawama: karani wa kwanza, mama wa watoto watatu. Ijumaa wanamfukuza kwa uzembe.

Fundi anafungua orodha ya waliohifadhi. 6204: dirisha la tatu.

Karani wa pili anasogeza kiti nyuma. "Karani wa dirisha hilo si tulimzika mwaka juzi?"

Fundi anachukua ufunguo wa chumba cha dirisha hilo.

Ndani ya chumba kile, mashine inavuma. Sweta la marehemu liko kwenye kiti. Nyuma ya vumbi la kioo, fomu tupu inajifungua, inajihifadhi, inajifunga. Wa mapokezi wakibonyeza, nayo inabonyeza.

"Ni programu ya zamani, iliachwa ikiomba namba kwa jina lake," anasema fundi, lakini hakai kwenye kiti hicho.

Ana miaka saba hapa, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Ameandika barua tatu akaunti ya marehemu ifungwe. Jibu la wakubwa analo mfukoni: fomu itiwe saini na mwenye akaunti.

Karani wa pili anamuuliza mlangoni kwa nini asichomoe waya.

"Nikichomoa leo watasema hakukuwa na kitu, na dada wa dirisha la kwanza kaondoka."

Ijumaa ataibeba mashine hiyo hadi kwenye kikao cha wakubwa, aiwashe juu ya meza yao.

"Waione ikiandika," anasema. "Halafu hiyo barua ya uzembe wampelekee marehemu."