Mzee Aliyeuza Kivuli cha Juni

Mzee wa maduka mawili yanayotazamana, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, amefariki. Habari nilipewa na muuza kahawa asubuhi moja ya Januari hii yenye joto, huku akiendelea kumimina. Mnaopenda marehemu asifiwe, leo mtanivumilia.

Ndani aliuza vitenge, lakini biashara yake hasa ilikuwa kivuli. Duka moja linatazama kusini, jingine kaskazini. Kila Juni alimpangisha mgeni sehemu ya mbele ya lile linalotazama kusini, kwa kilemba kinono, ile pesa ya kuingilia mlangoni. Juni jua letu hupita upande wa kaskazini, nyuma ya ghorofa lenye duka hilo, na sakafu ile hupoa kama mtungi. Sababu tulifundishwa shule ya msingi: dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama, wala haibadilishi mwinamo wake. Juni nusu ya kaskazini ndiyo inayolielekea jua. Desemba ni zamu yetu sisi wa kusini. Septemba jua huvuka ikweta, Oktoba linatufika utosini, kisha linaendelea kusini na kuanza kuichoma sakafu ileile. Mzee aliyajua yote hayo, akanyamaza.

Mwaka jana mgeni alikuwa muuza vifaranga, baba wa watoto, aliyetoa mtaji wake wote. Novemba vifaranga wakaanza kulala kwenye maboksi, midomo wazi.

"Kaka, leo unauza wa kuchoma?" wauza mitumba walimcheka.

Yeye aliamini amelogwa, akamwaga chumvi sakafuni. Nilijaribu kumweleza habari ya dunia kuinama. Akanitazama kwa huruma. "Dogo, iiname mbele ya meza yangu tu?" Akaenda kwa mzee.

"Shikamoo mzee. Kivuli kimehama."

"Marahaba. Mimi nilikukodishia sakafu. Jua si langu."

"Basi nihamishie ng'ambo."

"Ng'ambo kuna mtu. Mwaka juzi alikuwa hapo ulipo. Akalia kama wewe, akatoa kilemba cha pili."

Jamaa hakuwa na cha pili. Alibaki palepale, mwavuli juu ya maboksi, kichwa chake juani, akizoa waliokufa kila jioni. Mjini hapa tunaogopa matapeli wa uongo. Mimi namwogopa zaidi anayeuza ukweli wa miezi mitatu, kwa sababu huwezi kumshitaki popote.

Siku ya mazishi shekhe alisimama mbele ya jeneza akauliza, kama ilivyo desturi, "Jamani, mnamsamehe?"

"Tumemsamehe!" tukaitikia, haraka, maana jua lilikuwa kali.

Muuza vifaranga hakuitikia. Shekhe akamgeukia. "Na wewe, ndugu yangu?"

Akajifuta jasho usoni. "Mimi mniulize Juni."

Wabebaji wakatazamana, wakainua jeneza, wakaenda nalo. Ewe unayemkausha mwenzako ukitegemea kuombewa radhi mwishoni, fahamu kwamba msamaha nao una majira yake, na maiti haingojeshwi.