Tenga Ambalo Bakhit Hakulipindua

Bakhit bin Humaid hanunui tenga la matunda bila ya kulipindua. Hiyo ndiyo sheria yake, na aliishika kwa miaka thelathini katika soko la Mawaleh, Maskati. Embe za juu zinaweza kung'aa kama zimepakwa mafuta, yeye hazitazami. Hulikamata tenga kwa mikono miwili, akalimimina lote juu ya turubai, akazitazama zilizokuwa chini. Wauzaji hununa. Wengine walimpa jina la Pindua. Hakujali. Wateja wake wa Qurum, mtaa wa wenye nazo, ambao hawana wakati wa kubishana juu ya papai, walinunua kwake huku wamefumba macho.

Mtu huyu ndiye aliyenunua shamba zima Pemba bila ya kuliona.

Mambo yalianza soko lilipohamishiwa upande wa Barka. Safari ya asubuhi ikarefuka, na mgongo wa Bakhit ukaanza kulalamika. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Pemba alitoka na miaka sita, kashikwa mkono na mama yake, na alichobaki nacho ni harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini na udongo mwekundu usiotoka kwenye kucha. Sasa akaanza kuota nyumba ya vyumba viwili kaskazini ya kisiwa, huko ambako lami inakwisha na ardhi bado ni rahisi. Akanunua na daftari la kuchorea ramani.

"Na maji?" akauliza mkewe, Bi Masouda.

"Tutachimba kisima."

"Na hospitali?"

"Ipo Wete. Karibu tu."

"Karibu na nani, Baba Manal? Mie nakwambia mapema: nnakuja kwa likizo. Wiki mbili. Nikiona nyoka, wiki moja."

Shamba lilipatikana kwa Jaifar, mtoto wa mama yake mkubwa, mstaafu wa benki anayekaa Ruwi, hapo hapo Maskati. Jaifar alilirithi kwa baba yake na hakuwa na haja nalo. Yeye pia alitoka Pemba mdogo, na hakurudi tena. Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, alimketisha Bakhit kwenye zulia, halwa katikati, birika la kahawa pembeni, akatoa simu na kumwonyesha picha alizotumiwa. Kilima. Mikarafuu imesimama kwa safu. Bahari kwa mbali.

"Eka tatu, yakhe. Jenga hapo juu, upepo utakuwa unakubembeleza."

Bakhit alifungua kinywa. Alitaka kuuliza nani anaishi karibu na pale, nani anaichuma mikarafuu ile, nani aliipanda. Maswali yalikuwa tayari kwenye ulimi, yale yale anayomuuliza muuza embe. Akaitazama halwa, akamtazama ndugu yake aliyemlisha pilau sasa hivi, akaona haya. Akafumba kinywa.

"Nikikuuliza wewe, nitamwamini nani?" akasema, wakapeana mikono.

Ili alipe, aliuza pikapu yake, nyeupe, iliyojua njia ya sokoni kuliko mwenyewe. Hati iliandikwa, sheha, mkuu wa kule kijijini, akatia sahihi na muhuri, na Bakhit akaitia hati hiyo kwenye fremu kama shahada ya chuo.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa Wesley, Mkenya anayeendesha foklifti sokoni, ambaye sasa alimpa Bakhit lifti ya asubuhi katika kigari chake.

"Mzee Bakhit, hiyo shamba umeipindua?"

"Ni ya ndugu yangu."

"Sijauliza ni ya nani. Nimeuliza kama umeipindua."

Bakhit alicheka mpaka akakohoa. "Nimpindue mtoto wa mama yangu mkubwa kama tenga la embe? Nyie watu mna mambo!"

Wesley akaongeza sauti ya redio.

Jumamosi moja, sheha alipiga simu ya video. Fundi alikuwa kafika shambani na kamba na vigingi, anataka kuonyeshwa pa kujenga. Manal, binti yao, akaiunganisha simu na televisheni, na sebule nzima ikajaa Pemba. Picha ilitikisika kwa hatua za sheha. Udongo ulikuwa mwekundu kama ulivyokuwa. Bakhit alijifuta macho kwa ncha ya kilemba chake.

Ghafla televisheni ikajaa uso wa mwanamke mzee aliyejitanda kanga.

"Nani anayetaka kujenga hapa?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo. Bakhit bin Humaid, nipo Maskati."

"Marahaba. Mie Chumu, jirani yako. Umenunua kwa mtoto wa marehemu?"

"Naam, kwa Jaifar."

"Hongera, mwanangu. Ardhi yako. Mikarafuu yangu."

Bi Chumu hakupandisha sauti. Baba yake Jaifar, alieleza, alimpa mumewe ruhusa ya kupanda, akapanda arubaini na miwili, na tangu hapo wao ndio wanaopalilia na kuchuma. Aliyepanda kwa ruhusa, mti ni wake, hata ardhi ikiuzwa mara kumi.

"Ni kweli, bwana," sheha akasema pembeni. "Hapa kila mtu anajua."

"Mbona hukunambia?"

"Hukuuliza. Mtu wa huku akinunua shamba, la kwanza ni miti ya nani. Nikasema moyoni, wenyewe ndugu, washaulizana."

Bakhit akajikaza. "Bi Chumu, nikikulipa, nikaikata michache tu hapo juu..."

"Ukate mkarafuu unaozaa?" Alimtazama kama mtu aliyetaja kumchinja ng'ombe wa maziwa. "Hata serikali haikupi ruhusa kwa hilo. Jenga kule chini."

Sheha akaigeuza simu. Kule chini kulikuwa na mawe, mikoko, na maji ya chumvi yanapanda taratibu. Kaa mmoja akakatiza mbele ya kamera.

"Mashaallah," akasema Bi Masouda, "na bwawa la kuogelea tumepata."

Manal akaangua kicheko. Bakhit hakucheka.

Jioni ile alikwenda Ruwi. Jaifar alisikiliza, akaapa kuwa hakujua, na haikuwa vigumu kumwamini, maana hakuujua hata mkarafuu mmoja kati ya ile. Akasema atarudisha kila kitu, hata kama ni kwa kuchelewesha harusi ya bintiye.

"Hucheleweshi harusi ya mtu," Bakhit akajibu. "Wewe uliniletea tenga. Mie ndiye sikulipindua."

Na hapo alisema haki. Kumuuliza ndugu si kumtukana. Swali la halali, likiulizwa kwa adabu, halimvunjii mtu heshima, na anayelimeza kwa haya hana haki ya kumdai mwenziwe baadaye. Bakhit alilijua hilo juu ya embe kwa miaka thelathini. Lilimponyoka siku moja tu.

Bi Chumu hana kinyongo. Msimu wa karafuu ukimalizika, humtumia kifurushi kupitia mtu anayekuja Maskati, na Bi Masouda huzitia kwenye pilau.

"Kula, Baba Manal," husema. "Shamba letu hilo."

Yeye hula. Kesho yake asubuhi hupanda kigari cha Wesley mpaka Barka, na huko hupindua matenga kwa nguvu kuliko zamani.

Dakika moja ya kunyamaza mbele ya sahani ya halwa ilimgharimu Bakhit pikapu yake na nyumba ya kilimani. Ardhi anayo, na bado hajaikanyaga.