Karani Aliyekata Jina la Mkewe

Kuna jamaa wa Donholm, Kisilu, alikata jina la mke wake kwa mkasi akalitupa. Aliliona vizuri kabisa, na bado akakata.

Mwaka ulikuwa 1994. Kisilu alikuwa karani kwenye kliniki ya wajawazito huku Eastlands. Damu ya akina mama ikishapimwa kaswende, ile iliyobaki ilipelekwa kupimwa ukimwi bila wao kuambiwa. Serikali ilitaka hesabu tu. Kwa hivyo karani alikata jina kwenye karatasi ya chupa, akabandika namba isiyojulikana ni ya nani.

Wiki moja Wanza, mkewe, alikuwa mmoja wa akina mama hao.

Majibu yakarudi baada ya miezi miwili. Chupa ishirini za wiki ile, nne zina virusi. Mwaka uliotangulia zilikuwa mbili kwa ishirini.

"Sista, hizi nne ni za nani?" akamwuliza muuguzi.

"Hakuna anayejua, Bwana Kisilu."

"Yaani mnaona ugonjwa unapanda kila mwaka na mama mwenyewe hajui? Hesabu ya nini basi?"

"Ya kupanga mipango. Anayetaka kujua lake, aje apimwe."

Jamaa alifoka wiki nzima. Kazini, nyumbani, hata kwa kinyozi. Serikali hivi, wazungu hivi.

Wanza alikuwa na mimba ya miezi minane, na Kisilu hakuthubutu kumtuma akapimwe. Angeulizwa kwa nini. Alikuwa amehanya nje ya ndoa na Maurine wa Eastleigh, na Maurine alikonda akazikwa mwezi wa nne. Sasa mtoto wa tumboni je?

Jumapili baada ya kanisa, uoga ukamshinda.

"Mama Mutie, tafadhali kapimwe. Ukimwi."

Wanza aliendelea kukunja nepi.

"Nilipimwa mimba ikiwa ya miezi mitano, maabara ya mjini. Wiki jana nikarudi. Sina."

Kisilu akaketi, akalia.

"Habari ya Maurine niliisikia siku alipozikwa," Wanza akasema. "Ndio nikaanza kukwambia mgongo unaniuma, ulale sebuleni. Sasa wewe, Baba Mutie, ulipimwa lini?"



Hapo ndipo huwa nashikwa na hasira. Miaka sita kwenye kliniki, maabara chumba cha pili, na jamaa hajawahi kukunja mkono wa shati atolewe damu. Wanza na mtoto walikingwa na uongo wa mgongo. Kelele zote za mume hazikuwasaidia chochote. Kabla hujaitukana nchi kwa takwimu zake, nenda ukapimwe wewe.