Kitabu Nilichosomea Ndani ya Kufuli

Niseme mapema: kile kitabu sikipendi. Ni riwaya ya zile za kuchezea akili. Mwanamke mgonjwa anatunzwa nyumbani na wifi yake. Wifi anafunga geti, anahamisha vitu vidogo vidogo, leo kijiko, kesho viatu, halafu anamwambia umesahau mwenyewe. Yule mwanamke anajitilia shaka mpaka anaanza kujiogopa. Kimeandikwa vizuri, sikatai. Lakini mwandishi amejirahisishia kazi, maana wifi ni mbaya tangu ukurasa wa kwanza. Mtu mbaya akikufungia mlango unamchukia, basi, yameisha. Hakuniambia nifanyeje mimi, niliyefungiwa na mtu anayeamka alfajiri kunipikia uji.

Nilikisoma Ilembo, nyumbani kwa mama mkwe wangu, nikiwa mzazi, nimetoka kujifungua. Mume wangu ni dereva wa lori na siku zile alikuwa safari za Tunduma. Mama alikuwa na msimamo wake: mzazi na mtoto hawatoki nje siku arobaini, na mgeni haingii. Tatizo ni kwamba mpunga wake ulikuwa unaiva huko Kakese, na mpunga ukiiva lazima mtu ashinde shambani akifukuza ndege. Kwa hiyo kila asubuhi aliniachia chupa ya uji, maji, ndoo yenye mfuniko, halafu akatoka na kufunga mlango kwa nje na kufuli. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga.

"Wakiona kufuli watajua hakuna mtu, watapita," alisema. Aliogopa watu wenye macho mazito wasije wakamwona mjukuu wake.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na madirisha yote ya nondo. Nilisikia watu wakipita, wakisalimiana, wakicheka, na mimi nimekaa kimya na mtoto kifuani kama mwizi aliyejificha. Moto ukiwaka je? Hilo nilijiuliza kila siku. Jioni aliporudi na kufungua, nilikuwa nimeshapanga maneno makali ya kumwambia, lakini alianza kwa kuniuliza nimekula nini, akanawa mikono, akampokea mtoto, na maneno yangu yakaishia tumboni.

Siku ya kumi na sita ujumbe uliingia kwenye simu. Rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu aliniandikia kwamba majina ya ajira yametoka na langu limo. Shule ya msingi, upande wa Usevya. Niripoti mwenyewe na vyeti halisi ndani ya siku kumi na nne, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nilikuwa nimesubiri ajira hiyo miaka minne, nikiuza vitumbua na kufundisha tuisheni kwenye vibaraza vya watu. Nikahesabu kwa vidole. Muda wa kuripoti ungeisha mtoto akiwa na siku thelathini. Zingebaki kumi za kufuli.

Nikampigia mume wangu. "Msikilize mama," akasema. "Ajira zitatoka nyingine." Nilimkatia simu.

Utauliza kwa nini sikumwomba mama mwenyewe. Huulizi hivyo kama umeolewa kwetu. Mkamwana hamwambii mama mkwe nifungulie mlango. Unazunguka, unapitia kwenye jambo lingine, naye akitaka anasikia, asipotaka anakuombea usingizi mwema. Mimi nikaamua kupitia kwenye kitabu.

Kila saa kumi, akirudi, alinikanda kwa maji moto. Ukikandwa huna pa kukimbilia, unauma meno tu. Siku moja aliuliza, "Hicho unachoshinda nacho kinasema nini?" Nikamsomea. Nilikuwa na hakika hajui kusoma. Barua zake alisomewa na watu, na kanisani aliimba tenzi zote kitabu kikiwa kimefunikwa mapajani. Basi nikaanza kuongeza mambo yangu. Nikamtungia yule mwanamke wa kitabuni barua ya kazi. Nikasoma, macho yakiwa ukurasani, kwamba siku za kuripoti zinayoyoma na yeye amefungiwa, na wifi hana habari.

"Maskini," alisema mama, akakamua kitambaa. "Ila na wifi naye ana yake. Hebu lala upande huu."

Kesho yake nikaongeza machozi. Keshokutwa nikamfanya yule mwanamke aote ubao na chaki. Mama alisikiliza, akaguna, akanikanda. Siku zikazidi kwenda.

Halafu ikatokea ya njiti. Nilikuwa naweka njiti ya kiberiti mahali nilipoishia. Asubuhi moja, baada ya kulala kidogo na mtoto, nikakuta njiti imesogea mbele kurasa kama ishirini. Nikasema nimechoka, nimesahau. Nikairudisha. Siku mbili baadaye imesogea tena, iko karibu na mwisho. Jamani, nilipata baridi. Kitabuni ndivyo yule mwanamke alivyoanza, kwa kijiko. Nilikaa na lile kufuli nje, nikamwangalia mwanangu, nikajiuliza kama kichwa changu bado ni kizima. Niliacha hata kusoma. Nilihesabu nondo za dirisha, kumi na moja, nikarudia kuzihesabu ili nione kama nitapata kumi na moja tena.

Siku ya ishirini na saba mama alikuwa ananikanda mgongo. Nikaanza kumsomea kuhusu ile barua, kwamba zimebaki siku tatu.

"Hiyo barua haimo," akasema.

Nikafunika kitabu.

"Nimekimaliza juzi. Nakisoma asubuhi ukilala, kabla sijatoka. Yule binti anatokea dirishani, na hakuna barua mahali popote." Hakuwa amekasirika. "Nimesoma elimu ya watu wazima mimi, nina cheti. Barua nasomewa kwa sababu ya macho, wanaandika vidogo. Sasa niambie, hiyo barua ni ya nani?"

Nikalia. Nikamwambia ni yangu, mama, na nisipofika Usevya imepotea.

Alinimwagia maji ya mwisho, akanifunika kanga. Ndipo akaniambia jambo ambalo hata mume wangu hajui. Mtoto wake wa kwanza alitoka naye siku ya ishirini, kwenda kupalilia, kwa sababu mvua ilikuwa imewahi. Homa ikamchukua mtoto ndani ya wiki. "Nilikuwa na haraka kama wewe," alisema. Nilijua homa haina habari na siku arobaini. Lakini sikuwa na mdomo wa kumwambia hivyo.

"Wewe utakwenda," akasema. "Mtoto hatoki."

Keshokutwa alfajiri nilikamua maziwa kama nesi alivyotufundisha, nikayaweka kwenye kikombe chenye mfuniko, na kijiko pembeni. Mama hakuvaa nguo za shamba. Alikaa kitandani na mtoto, akaninyooshea ufunguo.

"Funga," akasema. "Kwa nje. Watu wasijue."

Nikamfungia. Ile sauti ya kufuli nilikuwa nimeisikia siku zote nikiwa upande wa pili. Nikapanda basi na ufunguo kwenye sidiria, na njia nzima, kupita porini hadi Usevya, sikuwaza ajira hata kidogo. Niliwaza moto. Niliwaza akiugua nani atamfungulia. Ofisini niliweka sahihi, nikapewa fomu ya likizo ya uzazi, blauzi imelowa maziwa mpaka karani akaangalia pembeni. Wakati wa kurudi basi lilipasua tairi, nikagombana na kondakta, nikagombana na abiria aliyeniambia nitulie. Mikono ilikuwa inanuka ule ufunguo, kila mara nautoa na kuushika.

Nilifika jua linazama. Nikafungua. Mtoto alikuwa amelala. Mama alikuwa ameketi pale pale, kikombe kitupu miguuni, kitabu kimefungwa, macho mekundu. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa.

"Saa nane nilijua umekufa njiani," akasema. "Nikahesabu nondo."

"Kumi na moja," nikasema.

Akaniangalia sana. "Kila siku unakaa hivi?"

"Kila siku, mama."

Aliomba nimshike mkono, tukatoka wote wawili mpaka mlangoni, akaliangalia lile kufuli. Kisha akauliza kama kuna maji ya moto, ili anikande.

Siku kumi na moja zilizobaki hakwenda Kakese. Alishinda ndani pamoja nami, mlango umeegeshwa tu, na mimi sikutoka, ingawa ningeweza. Alinisomea kile kitabu tangu mwanzo, polepole, akikisogeza mbali na macho, na kila alipofika kwa wifi aliniongezea maneno ambayo hayamo. Mpunga wa mwaka ule ndege waliula wote.