Jina Nililolikuta Ubwari

Wivu wangu sikufundishwa na mtu. Mume wangu ni mchanjaji wa watoto. Kila baada ya miezi michache hutoka mjini Baraka na mkoba mgongoni, huvuka ghuba kwa boti, kisha hupotea siku tano kwa miguu katika vijiji vya rasi ya Ubwari ambako hakuna gari linalofika. Hurudi miguu imevimba, lakini anaimba. Mtu anayetoka kazini anaimba, mimi simwamini. Kwa hiyo mwaka jana, aliposema ana likizo na angependa nipaone anapolala, nilianza kufunga mkoba kabla hajamaliza maneno yake.

Tulivuka ghuba, tukapanda mlima kutwa nzima, mikanda ya mikoba ikitukata mabega. Jioni tukashuka upande wa pili, penye nyumba chache, mchanga mweupe, na maji safi hata unaona vidole vya miguu yako ukiwa umezama hadi kifuani. Palikuwa pazuri, na uzuri wenyewe uliniudhi. Miaka yote hiyo alikuwa anaula peke yake.

Mwanamke mmoja alikuwa anakusanya ndagala, vidagaa vya ziwa alivyoanika mchangani. Alikuwa mjane, rika langu, mwenye nyumba ambayo mume wangu hufikia. Kutuona tu aliweka ungo chini, akamwita mume wangu kwa furaha "Baba ya", kisha akataja jina la mtoto wa kiume. Kwetu mwanaume huitwa hivyo akiwa amezaa. Sisi nyumbani hatukuwa na mtoto. Mimba yetu moja ilikuwa imeishia lopitali, yaani hospitalini, miaka miwili nyuma, na jambo hilo nilikuwa nimekataza lisizungumzwe. Jina alilolitaja yule mama sikuwahi kulisikia. Mume wangu akaitika kama aliyezoea.

Mimi nikajitia hamnazo. Nikasalimia, nikatabasamu, roho inaniuma. Lisemwalo lipo, nikajiambia. Kumbe ndiyo sababu ya zile nyimbo.

Chakula kilipoletwa, yule mama alimwekea mume wangu bakuli lake la sombe, majani ya muhogo, isiyo na pilipili, bila kuuliza. Mimi kulijua hilo kulinichukua mwaka mzima na ugomvi mara mbili. Watoto wake wanne walimpanda mume wangu mabegani. Basi nikaanza kukagua masikio, kwa sababu ukoo wa mume wangu wote wana masikio yaliyosimama. Wa kwanza hapana, wa pili hapana. Wa tatu alinitia mashaka mpaka alipogeukia upande wa taa, na wa nne hapana. Nadhani hata mbuzi wa pale nilimkagua. Mume wangu aliniuliza kama nimechoka, nikamjibu kwamba sijachoka, nashibisha macho.

Tulilala katika chumba cha nyavu za kuvulia, yeye akikoroma, mimi nikipanga jinsi nitakavyorudi kwa mama yangu kule Nundu na cherehani yangu. Nilishaamua hata nani angeibeba.

Asubuhi, mume wangu alipokwenda kuoga ziwani, nilimfuata yule mama kwenye ndagala zake. Nikamwuliza bila kuzunguka.

"Mama, ule mutoto wenye unamwitia bwana yangu, iko wapi?"

Akaniangalia kwa mshangao.

"Unaniuliza miye? Si ni ule wako, mama. Ule mwenye alibakia ku lopitali."

Alinieleza huku anaendelea kutandaza ndagala. Mwezi ule ule tulipompoteza mtoto, mume wangu alikuja kuchanja, akaketi mchangani, akashindwa hata kufungua sanduku la dawa. Alilia mbele ya bamama wote waliokuwa kwenye foleni na watoto wao. Yule mama akamwuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume, mume wangu akasema wa kiume. Akamwuliza jina, akalitaja, jina alilokuwa amempa kimoyomoyo. Tangu siku hiyo wakamwita kwa jina la mwanawe, maana, alisema, baba aliyefiwa bado ni baba.

Najua nilipaswa kuona haya. Niliona, kidogo. Lakini wivu haukuondoka, ulihama tu. Mwanamke wa nje ningemfukuza kwa maneno yangu, na maneno ninayo. Huyu alikuwa ameyaona machozi ya mume wangu, nami nalala naye kila siku sijayaona. Alilijua jina la mwanangu kabla yangu. Ningemkuta kitandani na mume wangu, sidhani kama ningeumia namna ile.

Mume wangu akaja kutoka majini, akaona uso wangu, akajua nimeshaambiwa. Nilimwuliza kwa nini aliwapelekea watu wa huku kitu ambacho mimi, niliyebeba ile mimba, hakunipa.

"We njo ulisema hakuna mutu atamutaja," akanijibu.

Kweli, nilisema. Nilisema nikiwa bado kwenye kitanda cha lopitali, na nilirudia nyumbani, mlango umefungwa, kwa sauti ya kumtisha.

Nikamwambia avae, tuna mlima wa kupanda. Alipoinama kufunga mkoba wake nikamwomba alitaje hilo jina, yeye mwenyewe, nilisikie. Akalitaja. Nikamwambia arudie, na arudie tena, maana yule mama alikuwa amelisikia mara nyingi kuliko mimi.